Mulinzi Aliyeelekea Ukuta

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Kasongo, jimbo la Maniema
Siku ya tano (Ijumaa), tarehe 15 mwezi wa tatu mwaka 2024, asubuhi
Mbele ya Raphaël Sumaili, ofisa wa upelelezi (OPJ)

Jina: Apolline Kitete Mulonda
Umri: miaka 41
Kazi: mwenye duka la fotokopi na kuandikisha barua, fundi wa ordinatere (kompyuta)
Makao: Kasongo, njia ya sokoni

Shahidi anasema kwa hiari yake:

Mimi ni Apolline. Shefu Sumaili ananijua vizuri, kila karatasi ya kituo hiki imepita kwenye mashini yangu, lakini ameniambia niseme kama vile hatujuani. Sawa.

Sikuitwa. Nimekuja kwa miguu yangu juu ya Isidore, mulinzi wa papa Kasimu, ambaye iko amefungwa katika kasho ya hapa tangu siku ya yenga, ndiyo Jumapili, na mumesema siku ya kwanza, Jumatatu, anapelekwa Kindu mbele ya jaji. Picha zilizomuharibia Isidore ni mimi niliyezileta. Nilizileta ili zimutoe. Zimemukaza zaidi. Kwa hiyo leo nasema yote, hata yale ambayo nikisikia mutu mwingine akiyasema ningemucheka mpaka nishike mbavu. Naomba shefu aandike vile ninavyosema, asinitengenezee.

Papa Kasimu ni mutu wa Uvira. Ananunua dhahabu inayotoka Lusangi na pande zile. Nyumba yake iko na ukuta wa matofali, lango la chuma mbele, mulango mudogo nyuma, na kamera mbili. Kamera moja inaangalia lango na kibanda cha mulinzi. Ya pili inaangalia nyuma.

Mnamo tarehe 10, siku ya yenga, baada ya saa nane mchana, mvua kubwa ilinyesha hapa Kasongo. Kila mutu anaikumbuka, iling'oa mabati sokoni. Papa Kasimu na jamaa yake walikuwa kwenye kilio cha jirani, nyumba ilibaki na Isidore peke yake. Wezi wakaingia. Walipiga kibanda cha mulinzi risasi, wakavunja chumba cha ndani, wakabeba sanduku la dhahabu pamoja na ordinatere ya zamani ya papa Kasimu. Hakuna jirani aliyesikia bunduki. Mvua ile ikipiga mabati, hata mutu mnayekaa naye kiti kimoja humusikii.

Papa Kasimu aliporudi alimukuta Isidore uani, karibu na pipa la maji, amesimama uso kwenye ukuta, kofia mukononi. Kiti chake ndani ya kibanda kimepasuliwa na risasi, mugongo wa kiti hauko tena. Yeye mwenyewe hana hata mukwaruzo. Na jambo lingine, ambalo mumeliandika kwenye karatasi zenu: shati yake ilikuwa kavu. Mvua ile yote, mutu amesimama nje, na shati ni kavu!

Papa Kasimu akamuuliza: "Ulijuaje kutoka kibandani kabla hawajapiga?" Hakujibu. Walimushika mabega wakamugeuza kwa nguvu, akafumba macho. Ndivyo mulivyomuleta hapa, macho yamefumbwa, na watu barabarani wanapiga kelele kwamba mwizi anaona haya.

Siku ya pili, tarehe 12, nilipofika kufungua duka nilimukuta Elodie, muke wa Isidore, ameketi kwenye kizingiti changu. Wote wawili ni wa kabila la Babangubangu, watu wa Wamaza, upande wa Kabambare. Elodie anauza mafuta ya mawese karibu na duka langu, na si mutu wa kulia ovyo. Siku ile macho yalikuwa yamevimba. Ananiita yaya, ndiyo dada mukubwa. Akaniambia: "Yaya Apolline, kwa papa Kasimu kuna kamera. Kamera haina jamaa, haitamuonea mutu. Nenda uifungue."

Nikamuambia kamera si mulango wa jikoni, kwamba unasukuma tu na kuingia. Lakini nilichukua ordinatere yangu, tukaenda.

Papa Kasimu hakukataa. Alikuwa amekaa barazani, hajanyoa ndevu. Alisema: "Fungua, mama. Kama ni mwizi tumuone. Kama si mwizi, mimi si mutu wa kumufunga mwana wa mwenzangu bure."

Sasa hapa shefu aandike polepole, maana hapa ndipo kila kitu kimeshikamana. Kamera zile ni za zamani. Zinapeleka picha kwenye sanduku la chuma, na sanduku ndilo linalotunza. Tundu la kuunganisha televisheni liliungua mwaka jana kwa radi. Njia iliyobaki ni moja: unaunganisha ordinatere na sanduku kwa kable, unafungua navigatere, ile ile ambayo watu wanaangalia nayo interneti, unaandika namba ya sanduku. Lakini picha hazitoki hivi hivi. Sanduku linataka kwanza liingize kiprogramu chake kidogo ndani ya navigatere. Kinaitwa plagin. Plagin ndiyo inayojua kusoma picha, bila plagin unaona ukurasa mweupe. Na navigatere za siku hizi zimefukuza plagin zote za namna ile, zinasema ni kuukuu, zinaingiza magonjwa. Ile ordinatere iliyoibiwa ilikuwa na navigatere ya zamani, ndiyo sababu papa Kasimu alikuwa anaona bila shida.

Niliunganisha. Ukurasa mweupe. Nilijua. Navigatere yangu ni mupya, lakini iko na namna ya kujifanya ya zamani, unaiwasha ndani kabisa kwenye mipangilio. Nikaiwasha. Plagin ikaomba kuingia, nikakubali, ordinatere ikakataa tena. Ikasema sahihi ya kiprogramu imepitwa na wakati. Kila kiprogramu kinabeba sahihi ya aliyekitengeneza, na sahihi ile ilikufa mwisho wa mwaka 2021, na hakuna tena mutu wa kuifanya upya.

Kuna dawa yake, mafundi wote wanaijua. Unaidanganya ordinatere. Unarudisha tarehe yake nyuma, kwenye siku ambayo sahihi ilikuwa bado nzuri, inadhani wakati haujapita, inakubali. Nikaandika tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2020. Sikuichagua kwa sababu yoyote, ndiyo iliyokuja kwenye vidole.

Elodie alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Akauliza: "Umeandika siku gani hapo?" Nikamusomea. Akasema: "Siku ile mama yangu iko bado muzima."

Mama yake ni mama Séraphine, aliyekufa Wamaza mwezi wa pili mwaka 2021. Nilimuambia: "Elodie, acha. Hii ni tarehe ya mashini tu."

Plagin ikaingia. Picha ya sasa ikatokea: ua, lango, kibanda kilichotobolewa. Nikafungua kalenda ya picha zilizotunzwa. Kalenda ilianzia kwenye ule mwezi wa kumi na mbili, nikasukuma miezi mbele, mpaka nikafika siku ya yenga iliyopita, ambayo kwa mashini ilikuwa bado haijafika. Hapo niliogopa kidogo, nikajitukana moyoni.

Tuliyoyaona watu watatu ni haya.

Mvua inanyesha. Isidore ameketi kwenye kiti ndani ya kibanda, miguu nje. Mara anainua kichwa kuelekea lango. Anasimama haraka, anavua kofia, anatoka mvuani, anaenda mpaka kwenye ukuta karibu na pipa, anaelekeza uso ukutani na kuinamisha kichwa. Lango la chuma linafunguka. Hakuna anayeingia. Lango la papa Kasimu ni zito na linajirudisha lenyewe, sote tunajua, limenibana kidole mara nyingi. Siku ile lilikaa wazi, kama kuna mutu amelishika kwa mukono na hana haraka.

Halafu mvua. Ilikuwa nzito, inaonekana kwenye picha kama nyuzi nyeupe. Palikuwa na mahali ambapo nyuzi zilikatika. Si pakubwa. Urefu wa mwanamuke mufupi, upana wa mwanamuke aliyebeba kitunga mugongoni. Mvua ilifika hapo juu na kuruka pembeni, na chini yake hapakunyesha. Mahali pale palikuwa panasogea. Palitoka langoni pakaja polepole mpaka kwa Isidore, pakasimama nyuma yake.

Nilisafisha kioo cha ordinatere kwa kitambaa changu cha kichwa. Hapakutoka.

Ndipo wezi wakaruka ukuta wa nyuma na kuja mbele, wawili, wamejifunga mifuko ya plastiki usoni. Walienda moja kwa moja kwenye kibanda na kupiga risasi ndani, bila kuangalia. Kisha wakaangalia. Mumoja akapiga teke ubao, kwa hasira. Wakaanza kumutafuta, nyuma ya kibanda, nyuma ya pipa. Shefu, yule wa pili alipita karibu na Isidore kiasi kwamba angenyoosha mukono angemugusa. Alielekeza uso pale pale aliposimama Isidore. Akapita.

Papa Kasimu akaruka kwenye kiti: "Mumeona! Wanamuangalia, wanamuacha! Ni wenzake! Na alitoka kabla yao, alijua saa!" Akachomoa kable kwa nguvu, picha zikazimika kabla ya mwisho. Elodie alikuwa ameziba midomo kwa mikono yote miwili. Nilidhani ni kilio. Sasa najua alikuwa anajizuia asiite mutu.

Sikusema kitu juu ya mvua. Nilijiambia ni kamera kuukuu, kioo chake kimeingia ukungu. Mutu akiogopa anapata maelezo haraka sana. Nilimubembeleza papa Kasimu arudishe kable, nikatoa nakala kwenye flashi, kwa sababu nilikuwa na hakika inamusaidia Isidore. Wezi walipiga kwanza kibanda. Mutu haanzi kazi kwa kumuua mwenzake! Hata mutoto anaelewa.

Siku ya tatu, tarehe 13, nilileta flashi hapa. Tuliitazama kwenye ordinatere ya kituo, mimi na shefu, kwa programu ya kawaida ya kuonyesha filamu. Lango limefungwa. Tangu mwanzo mpaka mwisho, limefungwa. Mvua inanyesha kila mahali sawasawa. Isidore anatoka kibandani, anaenda ukutani, anasimama, wezi wanapiga kiti kitupu, wanamupita. Basi. Shefu alisema: "Mama Apolline, umetusaidia sana." Nilirudi dukani nikaketi bila kufungua.

Jana, siku ya nne, Elodie alikuja kutoka kumupelekea mume wake chakula. Sahani ilikuwa kama alivyoipeleka. Akasema: "Ameelekea ukuta, yaya. Askari wanasema tangu siku ya yenga hajageuka. Analala hivyo hivyo, hali, haongei. Wanafikiri ni kiburi."

Nikamuuliza: "Sasa ni nini?"

Akasema: "Ni mama."

Elodie alinieleza, na mimi namueleza shefu. Kwao, mwanaume hamuangalii mama ya muke wake. Wakikutana njiani, anatoka kando, anavua kofia, anaelekea mti au ukuta mpaka mama apite. Na hageuki kwa akili yake mwenyewe. Anangoja mutu mwingine, aliyemuona mama akienda, amuambie neno moja: amepita. Ndipo anageuka na kuendelea na safari yake. Wengine siku hizi wameacha. Isidore hakuacha. Mama Séraphine alimupenda kwa sababu hiyo, alikuwa anamutumia karanga kwa mukono wa Elodie, na wao wawili hawajawahi kuonana uso.

Mimi ni Muzimba wa hapa Kasongo. Marehemu mume wangu alikuwa anabishana na mama yangu juu ya mupira mpaka majirani wanakuja kuamua. Nikasema: "Kwa nini basi hasemi? Aseme, nilimuona fulani langoni, nikatoka kumupisha."

"Amutaje? Yaya! Hata mbele ya jaji hawezi kumutaja."

"Watamufunga juu ya heshima!"

"Heshima si utumwa," akasema, na sauti ilikuwa ya mutu aliyechoka.

Nikamuambia: "Basi nenda wewe pale dirishani, umuambie amepita, ageuke, ale, ajitetee."

Akatikisa kichwa. Akasema mutoto hasemi neno lile juu ya mama yake mwenyewe, ni kama kumufukuza mama. Linasemwa na mutu wa kando. Na lazima huyo mutu awe ameona kweli. Nikauliza: akisema bila kuona? Elodie akasema: "Isidore atageuka na kumukuta bado amesimama. Uso kwa uso. Haya ya namna ile haiponi, yaya. Huwezi kuishi nayo."

Kweli nilikasirika. Nilikasirikia Elodie, Wamaza yote, sahani ile ya chakula. Nilisema maneno ambayo sitaki yaandikwe. Halafu nilichukua ordinatere yangu tukarudi kwa papa Kasimu. Ilikuwa mchana kweupe, jua kali, watoto wanacheza barabarani. Nasema hivyo ili mutu asidhani tulikuwa na giza la kutudanganya.

Papa Kasimu alisema: "Munataka nini tena?" Nikamujibu: "Tuliacha kabla ya mwisho. Nataka mwisho." Mutu wa biashara anaelewa neno hilo. Akatufungulia.

Nilitaka kujihakikishia mimi mwenyewe. Kwanza niliweka tarehe ya kweli, ya jana. Plagin ikakataa, ukurasa mweupe. Halafu nikaweka mwezi wa tano mwaka 2021, sahihi ilikuwa bado nzuri. Plagin ikakubali. Nikafungua picha za siku ya yenga. Lango limefungwa. Mvua sawasawa. Isidore anaelekea ukuta bure kabisa, sawa na kwenye flashi.

Nikafunga kila kitu. Nikaweka tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2020. Picha ni zile zile, sanduku ni lile lile, dakika ile ile. Lango likafunguka.

Papa Kasimu alikuwa ameegemea kiti changu. Alianza kuomba kwa Kiarabu, kwa sauti ndogo. Niliogopa, sina aibu ya kusema. Mutu amezikwa, ordinatere inadhani bado haijatokea, na ndani ya ordinatere anatembea! Mimi nimetengeneza mashini miaka mingi, najua zinakosea namna gani. Hazikosei namna ile.

Niliacha picha ziende. Wezi walipiga, wakatafuta, wakamupita. Safari hii niliangalia vizuri. Mwizi wa pili alipogeuza uso kwa Isidore, mahali pale pasipo mvua palikuwa katikati yao. Alikuwa anaangalia, na hakuwa na cha kuona. Mvua yote iliyokuwa imushukie Isidore mabegani iliruka pembeni.

Waliingia ndani, wakatoka na sanduku la dhahabu, wakafungua mulango wa nyuma na kukimbia. Waliuacha wazi. Mvua ikapungua mpaka manyunyu. Mahali pale pakabaki nyuma ya Isidore muda mrefu, kama mama anayengoja mutoto amalize kula. Halafu pakamuacha. Pakazunguka kibanda na kutoka kwenye picha ya mbele.

Nikafungua kamera ya nyuma. Pale nyuma maji yalikuwa bado yanatiririka kutoka kwenye mabati, mustari mumoja wa matone. Mustari ukakatika, ukaungana tena. Chini ni matope. Nikaona yanaandikwa: hapa wayo wa mutu bila viatu, halafu mufuo mrefu, halafu wayo, halafu mufuo.

Elodie akasema: "Ni mguu wake wa kushoto. Alianguka shambani mwaka niliozaa, tangu siku ile anaukokota." Hakulia. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilinitisha kuliko matope.

Alama zikafika kwenye mulango mudogo, zikatoka. Nje kuna njia ya miguu inayopanda kwenda barabara ya Kabambare, kamera inaona kipande chake. Nikaona alama mbili, tatu kwenye njia, zimeelekea huko. Halafu mulango ukafungwa, taratibu.

Papa Kasimu akasema: "Mulango ule niliukuta umefungwa. Nilijiuliza. Mwizi hafungi mulango." Kisha akasema: "Zima, mama Apolline. Zima, nakuomba."

Elodie aliniomba nisirudishe tarehe. Aliniuliza kama kuna picha za sasa, za dakika ile, na kama nikiacha tarehe vile, lango litafunguka tena. Nilimuambia hapana, ingawa sijui. Nilizima kioo, sikugusa tarehe. Ordinatere iko bado kwa papa Kasimu, kwenye chumba cha ndani, na ufunguo anao yeye.

Usiku ule Elodie alilala kwangu. Asubuhi hii aliniuliza: "Yaya, umeona?" Nikasema nimeona. Akasema: "Basi ni wewe." Ndiyo sababu niko hapa mbele ya shefu, na Elodie iko nje kwenye ngazi na sahani yake.

Shefu ameniuliza kama najua adhabu ya mutu anayewadanganya polisi. Najua. Ameniuliza kama Elodie amenilipa. Elodie alinipa chupa ya mafuta ya mawese mwezi uliopita, kwa sababu nilimuandikia barua, na chupa nilimurudishia. Ameniuliza tena kama ninaamini mambo haya. Sikuja kusema ninaamini nini. Nimekuja kusema nilichokiona, na nilikiona mara mbili. Kama shefu ana mashaka, twende kwa papa Kasimu pamoja, atazame kwa macho yake. Sharti langu ni moja, asiguse tarehe.

Na kama hataki kwenda, naomba kitu kidogo tu. Achukue karatasi hii, asimame mbele ya kasho, aisome kwa sauti ili Isidore asikie. Isidore, mimi ni Apolline wa fotokopi, mutu wa kando, sina jamaa na ninyi. Nilimuona akitoka kwa mulango wa nyuma. Nilimuona kwenye njia, ameelekea kwao. Hakuangalia nyuma.

Hayo yote ni ya mudomo wangu, nimesomewa, hakuna neno la mutu mwingine ndani yake. Amepita.

(Sahihi) Apolline Kitete Mulonda

Maandishi ya OPJ:

Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu.

Siku hiyo hiyo, mchana, nilikwenda na shahidi hadi nyumbani kwa Bwana Kasimu, nikatazama picha katika ordinatere ya shahidi, tarehe ikiwa ile aliyoieleza. Wezi wanapiga risasi mahali alipokuwa akikaa mlinzi, kisha wanamtafuta. Kuhusu lango na mvua, siongezi neno juu ya yaliyosemwa na shahidi wala sipunguzi. Bwana Kasimu ametamka kwamba anaondoa mashitaka yake dhidi ya mlinzi. Upelelezi juu ya wezi unaendelea.

Niliporudi kituoni nilisimama kwenye mlango wa kasho, nikasoma maelezo haya kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Isidore alikuwa ameelekea ukuta. Niliposoma neno la mwisho hakugeuka mara moja. Kisha aligeuka, akafumbua macho, akaomba maji, akanywa. Nilimwambia kwamba yuko huru, na kwamba mke wake anamngoja nje. Hakutoka. Aliniomba nisogee kwanza kidogo, kwa sababu, alisema, mpaka sasa hivi kulikuwa na mtu amesimama hapo hapo niliposimama mimi.

Nilisogea. Sikumuuliza ni nani.

(Sahihi) Raphaël Sumaili, OPJ